Mgeni kaingia, paka kahamia mvunguni

Barua za mwezi huu zimekuja na shtaka moja: paka aliyekuwa mpole kageuka tangu mtu mwingine alipoingia nyumbani. Mmoja kaleta mume, mwingine mama mkwe, mwingine dada wa kazi. Tumechagua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu, kwa kuwa mengi tuliyoyasema humo yanawahusu na wengine.

Nimeolewa mwezi uliopita na mume wangu amehamia kwangu, vyumba viwili na sebule. Nina paka jike wa miaka minne, nimemlea tangu mdogo, tulikuwa wawili tu. Sasa anashinda mvunguni mwa kitanda, anatoka usiku wa manane kula, na mara mbili amekojolea suruali za mume wangu zilizokuwa sakafuni. Mume wangu amejaribu kumbeba, kumwita, kumpa maziwa, wapi! Majirani wanasema ni wivu. Nifanye nini kabla sijaambiwa nichague mmoja?
*Bibi harusi, Tanga*

Hongera ya ndoa, dada. Tuanze na mkojo, maana huo hausubiri mazoea. Mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii apimwe. Paka mwenye wahaka mara nyingi huvimba kibofu hata kama hakuna kijidudu chochote ndani. Mkojo humbana kila mara, hutoka kidogo kidogo na kwa maumivu, naye huanza kulichukia beseni lake la mchanga, yaani choo chake, akidhani ndilo linalomuumiza. Hapo hutafuta pahali laini, na suruali iliyotupwa sakafuni ni pahali laini. Ukiona anachuchumaa mara nyingi, anajilamba sana nyuma, au mkojo una wekundu, usingoje hata hiyo wiki.

Wivu hapana. Paka huijua nyumba kwa pua. Kila anapojisugua shavu kwenye mguu wa meza, pembe ya mlango au ugoko wako, anaacha harufu inayomwambia kwamba hapa pana usalama. Sasa kaingia mwanamume mwenye sauti nzito, viatu, marashi na nguo za kigeni, na katika wiki moja ramani yote imevurugika. Jambo la pili ni umri. Mwanapaka huzoea aina za watu hasa kati ya wiki ya pili na ya saba ya maisha yake. Aliyepita kipindi hicho bila kuguswa na mwanamume huweza kumwona kila mwanamume kuwa kiumbe kingine kabisa. Anazoea, ila huchukua muda zaidi.

Sasa beseni la mchanga. Liko wapi? Kama liko bafuni, basi huenda nusu ya kisa imeishia hapo: mtu mpya anaoga asubuhi na jioni, mlango umefungwa, maji yanamwagika kwa kishindo, na paka hana pa kwenda. Weka beseni la pili kwenye kona tulivu ya chumba asikopita mume wako mara kwa mara, mbali na bakuli la chakula. Kanuni ya wataalamu ni idadi ya paka ujumlishe moja, kwa hiyo paka mmoja apate mabeseni mawili. Liwe refu kiasi cha mara moja na nusu ya mwili wa paka, kutoka puani hadi shina la mkia. Beseni kubwa la kufulia linafaa. Kata ukingo wa upande mmoja ubaki kama sentimita 12 aingie bila kuruka, kisha laini makali kwa msasa. Mchanga uwe laini, uliochekechwa, kina cha sentimita 5 hadi 7. Toa uchafu asubuhi na jioni. Mara moja kwa wiki mwaga wote, osha beseni kwa maji ya moto na sabuni isiyo na manukato makali.

Usiweke Dettol. Dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa maji huwa na kemikali ambazo ini la paka haliwezi kuzivunja. Anazikanyaga, analamba nyayo, anaumwa. Jik nayo ikikutana na mkojo hutoa mvuke mkali unaodhuru mapafu yake na yako. Suruali na sakafu zisafishe hivi: kausha mkojo kwa kitambaa kwa kukandamiza, usisugue. Changanya sehemu moja ya sabuni ya unga yenye vimeng'enya (enzimu) na sehemu tisa za maji ya vuguvugu, pitisha, suuza kwa maji baridi, acha pakauke. Mwisho futa kwa spiriti ya hospitali, ukijaribu kwanza mahali pasipoonekana ili isibabue rangi. Harufu ikibaki, hata wewe usipoisikia, yeye ataisikia na kurudia palepale. Na nguo za bwana zisikae sakafuni. Hili la mwisho huenda likapata upinzani, lakini lishikilieni.

Mvunguni pia pasizibwe. Mtu anayejificha ukimvuta mguu hatoki akiwa rafiki. Badala yake mpe maficho bora zaidi: boksi la karatasi lililolazwa ubavu, lenye matundu mawili ya kuingilia na kutokea, na jingine juu ya kabati au rafu, mita moja na nusu kutoka chini, ambako anaweza kumtazama mgeni akiwa yeye ndiye mwenye kimo. Anayeona kila kitu kutoka juu hutulia upesi kuliko anayesikiliza nyayo kutoka chini ya kitanda. Tandiko lake usilifue katika wiki hizi, au lifue nusu kwa nusu, ibaki harufu anayoijua.

Tuje kwa mume. Kosa lake ni uungwana: anamtafuta paka. Kwa macho ya paka, mtu mkubwa anayemkazia macho, anayemfuata na kumwinamia ni mwindaji. Kwa wiki ya kwanza asimwite, asimtazame, asimguse. Akae chini kwenye mkeka, ubavu ukimwelekea paka, simu au gazeti mkononi, dakika 15 hadi 20 asubuhi na jioni. Aongee nawe kwa sauti ya kawaida, ya chini. Macho yao yakikutana kwa bahati, ayafumbe polepole, ayafumbue polepole, kisha ageuze uso. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha kwamba paka walimkaribia zaidi mtu wasiyemjua aliyewafumbia macho hivyo kuliko alipowatazama kwa uso mkavu.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la mume wako ni bakuli. Kuanzia sasa chakula akiweke yeye, kwa saa zilezile kila siku, wewe ukae pembeni. Tafuta kwanza umbali ambao paka anakubali kula akimwona. Tuseme ni mita tatu. Aanzie hapo. Kila baada ya milo miwili au mitatu iliyoliwa bila wasiwasi, bakuli lisogee sentimita 30 kumwelekea. Akisita, au akila huku mwili umelala chini na masikio yamegeukia nyuma, mmekwenda kasi. Rudini hatua mbili. Hapa ndipo wengi huharibu. Wakiona siku nne nzuri wanaruka mita nzima, paka anashtuka, na kazi inaanza upya.

Maziwa acheni, huwaharisha paka wengi wazima. Tunu nzuri ni dagaa wawili watatu waliochemshwa bila chumvi wala kitunguu, watoke mkononi mwa bwana, awaweke chini, asimnyooshee.

Harufu nazo zichanganywe. Chukua soksi safi ya pamba, umsugue nayo paka mashavuni wakati amekaa nawe kwa raha, kisha ipitishe kwenye pindo za suruali za mume wako, viatu vyake, na pembe za milango kwa kimo cha pua ya paka, kama sentimita 20 kutoka chini. Rudia kila siku. Shati alilolivaa bwana siku moja liwekwe karibu na bakuli. Tunasema karibu na bakuli, si ndani ya boksi la maficho. Pale pabaki pake.

Siku paka atakapomfuata mwenyewe, bwana ateremshe kidole kimoja usawa wa pua yake, asikisogeze. Akikisugua kwa shavu, amkune shavuni na chini ya kidevu kwa sekunde tatu, aache, angoje. Akisogea tena ameomba zaidi. Tumbo, miguu na shina la mkia si vya mgeni. Mchezo pia huvunja ukimya: fimbo yenye kamba ya mita moja na unyoya wa kuku mwishoni, dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku, bwana akiivuta kama mjusi anayekimbia. Mkimaliza, kamba ifungiwe kabatini. Paka akimeza uzi, unaweza kuukunja utumbo wake na kuukata.

Mtajua mnafaulu mkia ukianza kusimama wima, ncha imejikunja, anapoingia chumba alichomo bwana, au akilala sebuleni mchana ubavu wazi. Kukoroma peke yake si ushahidi. Paka hukoroma hata akiwa na maumivu. Wengine huchukua wiki tatu, mwoga hasa huchukua miezi. Kuna pia kifaa cha kuchomeka ukutani kinachotoa mfano wa harufu ya mashavu ya paka, Feliway, ambacho hupatikana katika baadhi ya maduka ya dawa za mifugo ya miji mikubwa. Chupa moja hutumika siku 30 hivi kwa eneo la mita za mraba 50 hadi 70. Kinasaidia baadhi ya paka, si wote, na katika nyumba ya pwani yenye madirisha wazi na feni juu, sehemu kubwa ya fedha yako itatoka dirishani. Tungeanza na beseni la pili.

Mama mkwe amekuja kutoka shags (kijijini) kukaa nasi miezi mitatu. Paka wetu, mnene wa kilo saba, amejifungia kwenye kabati la nguo na hajala tangu juzi asubuhi. Maji anakunywa kidogo. Tungoje njaa imtoe?
*Baba wa watoto wawili, Nairobi*

La, msingoje. Mbwa anaweza kususa siku mbili akaendelea na maisha. Paka mnene akikaa siku mbili au tatu bila kula, mwili huanza kuyapeleka mafuta kwenye ini kwa wingi usioweza kushughulikiwa, na ini hilo hujaa mafuta na kuanza kushindwa kazi. Ugonjwa huo huua, na unene ndio unaomweka hatarini zaidi. Mpelekeni kwa daktari leo. Aangaliwe na meno, maana pengine mama mkwe amefika siku ileile jino lilipooza, mkamsingizia bure.

Njiani msimbebe mikononi. Mwekeni kwenye kikapu chenye mfuniko au kibebeo, kitambaa chake cha kulalia ndani na kanga juu kufunika. Baada ya daktari, pelekeni chakula na beseni chumba hichohicho chenye kabati, vikae pande mbili tofauti. Pasheni chakula kidogo kifikie joto la mwili, nyuzi 38 hivi. Harufu hupanda na hamu hurudi. Msimsukumie kwa bomba la sindano. Akikabwa mara moja, chakula hicho atakichukia hata akipona.

Kwa mama mkwe, hakuna haja ya kumwambia lolote zaidi ya ombi moja: mlango wa chumba hicho aupite tu.

Dada wa kazi mpya anaogopa paka. Akimwona anapiga kelele na kumswaga kwa fagio. Cha ajabu, paka anamfuata yeye kuliko sisi, lakini tukishika fagio sisi anakimbia na kujisaidia ovyo. Nimchukulie hatua gani?
*Mama Nassor, Unguja*

Hatua ya kwanza, Mama Nassor, ni kuacha kumcheka, na kuwaambia watoto waache. Aliyelelewa kwa hadithi za paka weusi na majini hakuamua kuogopa. Muulize ukiwa naye peke yake ni kitu gani hasa kinachomtisha: kurukiwa, kukwaruzwa, au kuguswa miguuni asipoona. Majibu huwa tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Kwamba paka anamfuata yeye si ajabu. Ndiye pekee nyumbani asiyemkazia macho wala kumnyooshea mkono, na kwa paka hiyo ni adabu ya hali ya juu. Mweleze hivyo, wapo wanaotulia wakishajua kwamba hawafuatwi kwa ubaya.

Mpe njia ya kumwondoa paka isiyo fagio. Kwenye mfuko wa aproni akae na kikopo cha dagaa wakavu wasiotiwa chumvi, waliovunjwa vipande vya ukubwa wa ukucha. Paka akimkaribia, arushe kipande mita mbili kando. Paka anakifuata, dada anapata nafasi, na hakuna aliyepiga kelele. Vipande vitano au sita kwa siku vinatosha. Asilazimishwe kumshika, kumlisha mkononi wala kumwogesha. Kazi ya beseni ichukue wewe au mtoto mkubwa hadi mwenyewe ajitolee. Wakati wa kufagia, paka afungiwe chumba kingine chenye maji na boksi lake.

Fagio lenyewe mlilaze sakafuni siku kadhaa, bila mtu kulishika, chakula kikiwa mita mbili kutoka hapo, kisha mita moja. Kisha mmoja wenu alishike akiwa amesimama tu. Kisha alisogeze kidogo. Itawachukua kama wiki mbili.

Jambo moja lisiachwe: chanjo ya kichaa cha mbwa kwa paka iwe hai. Dada akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili mkitazama saa, kisha hospitali siku hiyohiyo. Jino la paka ni jembamba, tundu hufunga juu na usaha hubaki chini.

Mke wangu ana mimba ya miezi mitano. Mama zake wanataka paka atolewe kabla mtoto hajafika, wanasema ataharibu mimba na kumziba mtoto pumzi. Tena nyumba hufukizwa udi kila jioni na paka siku hizi anapiga chafya na kutoroka. Tuna haki ya kubaki naye?
*Mzee wa Maskati*

Mnayo, na hofu ya akina mama ina chembe ya kweli inayofaa kuheshimiwa. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba vimelea vya toksoplasma, ambavyo mama mjamzito akivipata kwa mara ya kwanza vinaweza kumdhuru mtoto. Ila mayai ya vimelea hivyo huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili kabla hayajaweza kuambukiza. Kwa hiyo beseni lisafishwe kila siku bila kukosa, na wewe ndiye ulisafishe. Paka asile nyama mbichi wala asiwinde. Na mkeo ajihadhari zaidi na nyama isiyoiva vizuri, mboga zisizooshwa na udongo wa bustani, maana watu wengi huvipata huko.

Kuhusu pumzi: paka hapendi kumziba mtoto, anapenda joto. Kitanda cha mtoto kiwekeni sasa, kifunikwe kwa chandarua kilichokazwa, na mlango wa chumba ufungwe mtoto anapolala bila mtu. Hilo lisiwe na siku ya mapumziko. Miezi iliyobaki itumieni: pakeni mafuta ya mtoto mikononi mnapomlisha paka, mwekeeni rekodi ya kilio cha mtoto kwa sauti ndogo sana wakati wa kula, mkiongeza kidogo kila baada ya siku tatu. Beseni na bakuli vikihitaji kuhamishwa, hamisheni sasa, mita moja kwa siku, si siku ya kurudi kutoka hospitali. Mtoto akizaliwa, tangulizeni nyumbani kitambaa alichofungiwa.

Udi fukizeni chumba kimoja, dirisha wazi, paka akiwa kwingine, na mlango usifunguliwe hadi moshi uishe. Moshi huchoma njia zake za hewa na kufunika harufu zake zote za usalama kwa pamoja. Akihema mdomo wazi au kwa kuvuta mbavu, si suala la udi tena. Ni daktari usiku huohuo.

Dume letu lilihasiwa mwaka jana. Tangu shemeji ahamie kwetu linaenda kwenye mchanga kila dakika kumi, linalia, hakitoki kitu. Nimpe nusu Panadol apunguze maumivu tuone kesho?
*Msomaji, Arusha*

Ukiwa unasoma hapa na hali hiyo inaendelea, weka gazeti chini. Dume asiyetoa mkojo njia yake imeziba, na sumu inayorudi mwilini inaweza kumuua ndani ya siku moja au mbili. Daktari atapitisha mrija. Usimkamue tumbo, kibofu kilichojaa hupasuka.

Panadol kamwe, hata robo. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Kama alishapewa, angalia fizi: zikigeuka kahawia au bluu, au uso na nyayo zikivimba, mwambie daktari hivyo mlangoni kabla ya neno lingine lolote, na ukiondoka nyumbani chukua pakiti ya vidonge uende nayo.